Sura ya Nne: Neno Lililozaliwa Dirishani

Kiingereza kina neno la peke yake la kumtupa mtu nje kupitia dirishani: "defenestration". Ni refu, ni zito mdomoni, na Mwingereza wa kawaida anaweza kufika uzeeni bila kulihitaji hata mara moja. Hata hivyo limo katika kila kamusi kubwa ya lugha hiyo, na limezungumzwa kwa miaka 400 hivi. Wengi wanaokutana nalo hudhani ni utani wa wasomi. Mimi naliweka miongoni mwa maneno mazito kuliko yote ya kitabu hiki, kwa sababu nyuma yake wako watu waliotupwa kweli, uko mji uliolipia kitendo hicho kwa damu, na viko vita vya miaka 30.

Tuanze na vipande vyake. "De" katika Kilatini ni "kutoka", na mara nyingi ni kutoka juu kwenda chini. "Fenestra" ni dirisha. Kimkia cha mwisho, ambacho Kilatini kilikiandika "-tio", hukigeuza kitenzi kuwa jina la tendo, kazi ileile tunayoifanya sisi tunapotoka kwenye "tupa" tukafika kwenye "utupaji". Mroma wa enzi za Kaisari angevitambua vipande vyote hivyo kimoja kimoja, lakini neno zima lingemshangaza. Halimo katika Kilatini cha kale. Limeundwa na watu waliojifunza Kilatini darasani, karne nyingi baada ya Roma kuanguka.

Si kwamba Waroma hawakuwa na tabia ya kurusha watu kutoka juu. Walikuwa nayo sana. Kwenye kilima cha Capitolium, katikati ya mji, palikuwa na jabali lililoitwa Mwamba wa Tarpeia, na wasaliti walisukumwa kutoka pale. Kitenzi chao kilikuwa "praecipitare", na ndani yake mna "caput", yaani kichwa: kumtanguliza mtu kichwa. Mtakatifu Jerome alipoitafsiri Biblia kwa Kilatini, alitumia kitenzi hichohicho alipofika kwenye kisa cha Yezebeli katika 2 Wafalme, sura ya 9. Malkia amejipaka wanja, amesimama dirishani. Yehu yuko chini na gari lake. Matowashi wanaamriwa wamwangushe, nao wanamwangusha. Dirisha limo katika kisa, kutupwa kumo, kifo kimo. Jina la tendo ndilo halimo. Kwa zaidi ya miaka elfu moja makasisi wa Ulaya walikihubiri kisa hicho kwa Kilatini bila ya mmoja wao kuona haja ya kuunda jina lake.

Kabla ya kufika mahali haja hiyo ilipozuka, niruhusu nikae kidogo na dirisha lenyewe, maana majina ya dirisha yana habari nyingi kuliko tunavyodhani.

Asili ya "fenestra" ina utata. Wanaisimu wengi huishuku kuwa ya Waetruski, jirani na walimu wa Waroma wa mwanzo. Kutoka Roma ikasambaa: Waitaliano wana "finestra", Wafaransa "fenêtre", Wajerumani "Fenster", watu wa Wales "ffenestr". Hata Waingereza waliwahi kusema "fenester" katika zama za kati, kisha wakaiacha katika karne ya 16 na kubaki na "window", neno waliloletewa na mabaharia wa Skandinavia. Kwa lugha ya mabaharia hao lilikuwa "vindauga", yaani jicho la upepo. Nyumba zao hazikuwa na kioo. Tundu lilikuwa la kutolea moshi, na upepo uliingia humohumo. Waingereza wa kabla ya hapo walisema "tundu la jicho" kwa lugha yao ya zamani. Wacheki nao huita dirisha "okno", kutokana na "oko", jicho. Mhispania anasema "ventana", na ndani yake mna upepo tena.

Na sisi? Dirisha letu ni la Kiajemi. "Dar" kwa Kiajemi ni mlango, na "dariche" ni mlango mdogo. Neno lilivuka Ghuba kabla ya kutufikia: Mwarabu wa Kuwait, wa Bahrain au wa Oman akiwa nyumbani kwake husema "dirisha" karibu kama usemavyo wewe, ingawa Kiarabu cha vitabuni ni "nafidha" au "shubbak". Hiyo "shubbak" nayo hatukuiacha ipite. Ndiyo "shubaka" yetu, kile kiwazi kidogo cha ukutani. Mreno kwa upande wake aliipa kisogo "fenestra" ya babu zake Waroma akachukua "janela", na "janela" chimbuko lake ni neno la Kilatini la mlango, "janua", lililopunguzwa likawa kimlango. Kwa hiyo Mreno wa Ngome ya Yesu na Mswahili wa Mji wa Kale wa Mombasa, watu waliochukiana kwa karne nzima, waliliita dirisha kwa wazo lilelile, mmoja akilitoa Roma na mwingine Uajemi, na sidhani kama kuna aliyegundua.

Sasa twende Praha.

Jan Hus alikuwa mhubiri mkubwa wa mji huo, mtu aliyehubiri kwa Kicheki badala ya Kilatini na kuwakemea mapadri waliouza msamaha wa dhambi. Aliitwa kwenye mtaguso wa Kanisa mjini Konstanz akiwa na barua ya ulinzi ya Sigismund, mfalme wa Wajerumani. Barua haikumsaidia. Tarehe 6 Julai 1415 alichomwa moto akiwa hai. Wafuasi wake huko nyumbani hawakusahau. Walidai mengi, lakini alama yao kuu ilikuwa kikombe: kila muumini apewe divai ya komunyo pamoja na mkate, isiwe haki ya padri peke yake.

Jumapili ya tarehe 30 Julai 1419, padri mmoja wa upande wao, Jan Želivský, aliongoza maandamano kutoka kanisa la Mama Yetu wa Theluji hadi jumba la halmashauri la Mji Mpya wa Praha. Waliwataka madiwani wawafungue wenzao waliokuwa kifungoni. Madiwani walikataa. Inasimuliwa kwamba jiwe lilirushwa kutoka dirishani likielekezwa kwa padri. Umati ukavunja mlango, ukapanda ngazi, ukawatupa meya na madiwani kadhaa nje. Chini walisubiriwa na watu wenye mikuki na silaha nyingine. Hakuna aliyetupwa akabaki hai. Mfalme Wenceslaus IV alifariki tarehe 16 Agosti, siku chache tu baadaye, na watu wa wakati huo walisema ni habari hiyo iliyomuua. Vita vya Wahus vikaendelea hadi miaka ya 1430.

Mwaka 1483 ghasia nyingine za Praha zikawapitisha viongozi wengine dirishani. Kufikia hapo haikuwa ajali tena. Ilikuwa njia ya mji ule ya kutoa hukumu: mtawala aliyeonekana ameuza haki za watu hutolewa katika jumba la utawala, na hatolewi mlangoni.

Hapa ndipo ninaposimamia hoja yangu. Neno hili halikuundwa kwa sababu lugha zilipungukiwa na namna ya kusema kwamba fulani katupwa dirishani. Kila lugha inaweza kusema hivyo kwa maneno matatu. Liliundwa kwa sababu kitendo kilikuwa kimepata hadhi ya desturi ya kisiasa, na desturi hudai jina. Ushahidi wangu ni jinsi waliofanya kitendo cha tatu, kile kilichokuwa maarufu kuliko vyote, walivyojieleza.

Ulikuwa mwaka 1618. Bohemia, nchi ambayo Praha ilikuwa mji wake mkuu, ilitawaliwa na ukoo wa Habsburg, Wakatoliki, lakini mabwana wake wengi walikuwa Waprotestanti. Mwaka 1609 Kaisari Rudolf II alikuwa amewapa hati ya kuwahakikishia uhuru wa kuabudu na kujenga makanisa. Rudolf akafa, Matthias akawa Kaisari. Mwaka 1617 Ferdinand, mwanafunzi wa Wajesuti na mtu asiyekubali mzaha katika dini, alikubaliwa kuwa mfalme. Kanisa la Waprotestanti lililojengwa Hrob likabomolewa. La Broumov likafungwa. Mabwana walipokutana kulalamika, ikaja barua ya Kaisari Matthias kuwakataza wasikutane tena na kuwatisha. Waliamini kwamba barua haikuandikwa Vienna bali ilitungwa palepale Praha, na makaimu wa mfalme.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 23 Mei, mabwana hao, wakiongozwa na Count Jindřich Matyáš Thurn, walipanda hadi ikulu ya Praha na kuingia katika ofisi ya chansela. Chumba hicho bado kipo na madirisha yake hutazamwa na wageni kila siku. Si chumba kikubwa. Humo walikuwamo makaimu wanne. Swali lilikuwa moja: mlihusika na barua hii au hamkuhusika? Makaimu waliomba muda wa kushauriana. Hawakupewa. Wawili walionekana hawana hatia kubwa na wakaongozwa nje kupitia mlangoni kwa heshima zao. Waliobaki walikuwa Jaroslav Bořita wa Martinice na Vilém Slavata, Wakatoliki wakali wote wawili, watu waliokataa kuitambua ile hati ya 1609.

Martinice alibebwa kwanza. Aliita majina ya Yesu na Maria, akatupwa na upanga wake kiunoni. Inasimuliwa kwamba mmoja wa waliomtupa alisema kwa kejeli tuone kama Maria wake atamsaidia, kisha akachungulia chini na kustaajabu kwamba kweli amemsaidia. Slavata alikuwa na nguvu au na woga zaidi. Alikishika kizingiti cha dirisha kwa vidole akaning'inia nje, hadi mtu mmoja alipompiga vidole hivyo kwa mpini wa silaha. Akaachia. Wakati wa kuanguka kichwa chake kiligonga ukingo wa jiwe wa dirisha la chini. Kisha karani wao, Philip Fabricius, aliyekuwa ameandamana nao, naye akatupwa.

Vitabu vingi hutaja kimo cha mita 21 hivi. Wote watatu walinusurika.

Kwa Wakatoliki jibu lilikuwa wazi: Bikira Maria aliwadaka, au aliwatandazia joho lake, na michoro ikachorwa kuonyesha hivyo. Waprotestanti wakajibu kwamba waliangukia jaa la samadi. Maelezo ya jaa yalienea baadaye na ushahidi wake ni mdogo. Majoho mazito waliyovaa, ukuta ulioteremka kwa mshazari na udongo wa handaki lililokuwa chini yake vinatosha, kwa maoni yangu, kuwa maelezo ya kweli. Risasi zilifyatuliwa kutoka dirishani zikawakosa. Martinice alijiburuta hadi kwa Slavata aliyekuwa anavuja damu, watumishi wakawachukua, na wakahifadhiwa katika nyumba ya karibu ya Polyxena wa Lobkowicz, mwanamke Mkatoliki wa ukoo mkubwa. Martinice alitoroka kwa kujibadilisha mavazi. Fabricius alikimbilia Vienna kumpa Kaisari habari, na baadaye akapewa ubwana pamoja na jina la "von Hohenfall", yaani wa Anguko la Juu. Jina hilo lilitolewa rasmi, na mwenyewe alilichukua.

Mabwana wa Praha walipoandika utetezi wao hawakusema tulikasirika, au shetani alitupitia. Walisema wamefuata mfano wa alivyotendewa Yezebeli, mtesi wa watu wa Israeli, na mfano wa Waroma na mataifa mengine mashuhuri waliowarusha kutoka majabalini wale waliovuruga amani ya nchi. Angalia wanavyofanya. Wanaushika Mwamba wa Tarpeia na dirisha la Yezebeli kwa mkono mmoja, na kumbukumbu ya Praha yenyewe kwa mwingine, kisha wanaviita sheria. Mwenye kufanya hivyo haandiki kwamba watu watatu walitupwa. Anahitaji istilahi. Na lugha ya istilahi Ulaya yote wakati huo, ya mahakama, ya balozi na ya chuo kikuu, ilikuwa Kilatini. Ikazaliwa "defenestratio".

Wajerumani wana jina lao la tukio hilo, "Fenstersturz", na nusu yake ya pili maana yake ni anguko. Jina la Kilatini ni kali kuliko hilo. Anguko linaweza kutokea lenyewe. "-Tio" ya Kilatini inadai mtendaji. Kuna mkono ndani ya neno.

Lilifikaje Uingereza, na mapema hivyo, maana kamusi za Kiingereza huliandikia tarehe ya karibu 1620? Kwa sababu Waingereza walikuwa na binti yao mle. Elizabeth, mtoto wa Mfalme James I, aliolewa mwaka 1613 na Frederick wa Pfalz, mtawala kijana wa Kiprotestanti. Mwaka 1619 watu wa Bohemia walimkataa Ferdinand wakamchagua Frederick, na Novemba mwaka huo Elizabeth akavikwa taji Praha. London ilifuatilia kila neno lililotoka huko. Gazeti la kwanza kabisa la Kiingereza linalojulikana, karatasi moja iliyochapwa Amsterdam Desemba 1620, lilijaa habari za vita vya Bohemia. Neno la Praha liliingia Kiingereza kwa mkondo huohuo wa barua, karatasi na wasiwasi.

Habari zenyewe zilikuwa mbaya. Tarehe 8 Novemba 1620, kwenye Mlima Mweupe nje ya Praha, jeshi la Frederick lilivunjwa kwa muda usiofika hata saa mbili. Yeye na Elizabeth walikimbia, wakabaki na jina la dhihaka la Mfalme na Malkia wa Majira ya Baridi. Ukoo wao, hata hivyo, ndio uliorudi London mwaka 1714 pamoja na mjukuu wa binti huyo, George I, na familia ya kifalme ya Uingereza ya leo ni uzao wa mwanamke huyo aliyefukuzwa Praha.

Waliobaki hawakuwa na pa kukimbilia. Tarehe 21 Juni 1621 viongozi 27 wa uasi waliuawa hadharani katika uwanja wa Mji wa Kale: mabwana 3, mabwana wadogo 7, wananchi wa mjini 17. Mmoja wao alikuwa Jan Jesenius, daktari na mkuu wa chuo kikuu, aliyewahi kupasua maiti mbele ya umati mjini Praha mwaka 1600 ili kufundisha elimu ya mwili. Kabla ya kukatwa kichwa alikatwa ulimi. Vichwa 12 vilitundikwa kwenye mnara wa daraja. Leo misalaba 27 myeupe imepachikwa kwenye mawe ya uwanja huo, na watalii huikanyaga wakienda kutazama saa maarufu ya mji. Vita vyenyewe, vile vya miaka 30 nilivyovitaja mwanzoni, viliendelea hadi 1648. Wanahistoria hukadiria waliokufa, kwa silaha, njaa na maradhi, kuwa kati ya milioni 4.5 na milioni 8. Slavata na Martinice walipandishwa vyeo. Slavata aliishi hadi 1652, akaandika kumbukumbu zake.

Neno likishazaliwa huanza kutafuta kazi nyingine. Lisbon ililipa kazi mapema. Tangu 1580 Ureno ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania, na ni katika miaka hiyo, kuanzia 1593, Ngome ya Yesu ilipojengwa Mombasa. Aliyetawala Lisbon wakati jiwe la kwanza linawekwa alikuwa mfalme wa Hispania. Asubuhi ya tarehe 1 Desemba 1640 mabwana wa Kireno walivamia ikulu ya mjini Lisbon kumtafuta Miguel de Vasconcelos, waziri aliyechukiwa kwa kuwatumikia Wahispania. Walimkuta amejificha ndani ya kabati, wakampiga risasi, wakautupa mwili wake dirishani hadi kwenye uwanja wa mbele ya ikulu. Ureno ikapata tena mfalme wake, João IV, na Mombasa ikabaki mikononi mwa Wareno chini ya bendera ya mfalme mwingine, hadi Waomani walipoitwaa ngome mwaka 1698. Tarehe 1 Desemba ni sikukuu ya taifa Ureno hadi leo, na Wareno nao huita kitendo kile "defenestração".

Leo Kifaransa na Kiitaliano hutumia neno hili kwa upole zaidi. Gazeti la Roma likiandika kwamba katibu wa chama amefanyiwa "defenestrazione", hakuna aliyevunjika mfupa. Mtu kanyang'anywa cheo ghafla, tena na watu wake mwenyewe. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo bila kumuiga yeyote. Kutosa ni kutupa majini, tendo la watu wa chombo, na kumtosa mtu baharini lilikuwa jambo la kufa na kupona. Sasa kila msimu wa uchaguzi magazeti yetu huandika kwamba mbunge fulani katoswa, na msomaji hafikirii maji. Waliokaa ghorofani walitupana dirishani, waliokaa baharini wakatosana, na lugha zote mbili zikaishia kwenye kura za maoni.

Upande mwingine, "fenestra" imeendelea na maisha yake ya utulivu. Madaktari huita uwazi mmoja wa ndani ya sikio "fenestra ovalis", dirisha la yai, ambapo mfupa mdogo kuliko yote mwilini hugonga na kupitisha sauti. Wasanifu majengo huita mpangilio wa madirisha ya nyumba "fenestration". Hayo tuyaache.

Kisa cha mwisho kinaturudisha Praha, na ndicho kinachonifanya nilichukulie neno hili kwa uzito. Februari 1948 Wakomunisti walishika serikali ya Chekoslovakia. Jan Masaryk, waziri wa mambo ya nje, mtoto wa rais wa kwanza wa nchi hiyo na sauti iliyowatia moyo Wacheki kwa redio kutoka London wakati wa vita, hakuwa mkomunisti, lakini alibaki katika wadhifa wake. Alfajiri ya tarehe 10 Machi alikutwa amekufa uani mwa jumba la Czernin, makao ya wizara yake, akiwa amevaa pajama, chini ya dirisha la bafu la makazi yake. Uchunguzi wa serikali ulisema alijiua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 polisi wa Ucheki huru walisema aliuawa, bila kumtaja muuaji. Kesi ilifunguliwa tena 2019 na kufungwa 2021 bila jibu.

Wacheki wengi huihesabu siku hiyo pamoja na zile za 1419 na 1618, kwa jina lilelile. Naelewa kwa nini. Lakini jina lina mkono ndani yake, nilivyosema. Anayeandika "defenestration" kuhusu Masaryk hajaeleza tukio. Ametoa hukumu ambayo wapelelezi wa vizazi vitatu wameshindwa kukubaliana juu yake. Tangu 2022 neno hilo limetapakaa tena katika vyombo vya habari vya Kiingereza, kila tajiri au ofisa wa Urusi anapoanguka kutoka ghorofani, kama alivyoanguka Ravil Maganov, mwenyekiti wa kampuni ya mafuta ya Lukoil, kutoka dirisha la hospitali ya Moscow tarehe 1 Septemba mwaka huo. Wengine hulitumia kwa kicheko, kana kwamba kila mtu anajua kilichotokea chumbani.

Wewe unayetafsiri habari hizo kwa Kiswahili, usilifuate neno la Kiingereza kwa upofu. Tuna alianguka, tuna alijitupa, tuna alitupwa. Andika lile ambalo ushahidi umelifikia.